Kutengeneza fomula za kemikali kwa roboti na ujifunzaji wa mashine: mwongozo wa hatua kwa hatua

Chukua shampuu yenye viambato sita. Kila kiambato kipe viwango vitano tu vya kujaribu, na tayari una michanganyiko 15,625. Fundi anayekamilisha kumi kwa siku bila kupumzika angehitaji zaidi ya miaka minne kuimaliza. Ndiyo maana watengenezaji wa rangi, sabuni, gundi, wino, viuatilifu na vidonge hawajawahi kujaribu kila kitu. Huanza na fomula ya zamani, hubadilisha kiambato kimoja, huangalia, kisha hubadilisha kingine. Njia hiyo imezaa bidhaa nyingi, lakini kwa kuwa inagusa kiambato kimoja kwa wakati, haioni jinsi viambato vinavyosaidiana au kupingana.

Maabara otomatiki na ujifunzaji wa mashine hugawana kazi hiyo. Roboti hugawa viambato, huchanganya na kupima matokeo kwa namna ileile asubuhi na usiku wa manane. Modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data, huyasoma matokeo hayo na kupendekeza michanganyiko ya kujaribu kesho. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, walieleza roboti inayotembea yenyewe maabarani, ambayo kwa siku 8 ilifanya majaribio 688 ikitafuta mchanganyiko wa kichocheo kinachotoa hidrojeni kwa nguvu ya mwanga. Ilikuwa inacheza na vigeu 10, yaani vitu 10 vinavyoweza kubadilishwa, kwa pamoja, na ikapata michanganyiko yenye nguvu mara sita ya ile ya kuanzia. Mwaka 2021 watafiti wa Cambridge wakishirikiana na kampuni ya BASF walitumia roboti na algoriti (kanuni za hesabu zinazofuatwa na kompyuta) kutafuta fomula za vimiminika vya aina ya shampuu, wakapata tisa zilizotimiza masharti ndani ya siku 15 za kazi.

Siku hizo zinahesabiwa roboti ikiwa imeshaanza kazi. Maandalizi yake hayamo, na kwa maoni yangu ndiyo yanayoamua kama mradi utazaa fomula au utazaa lundo la data lisilosaidia mtu. Kwa hiyo usishangae kuona mwongozo huu unachelewa kufika kwenye algoriti.

Hatua ya 1: Andika lengo kwa namba

"Shampuu nzuri" ni agizo ambalo mashine haiwezi kulifuata. Andika hivi: mnato (uzito wa kimiminika katika kutiririka) kati ya 3,000 na 6,000 mPa·s, kipimo cha mnato, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, pH kati ya 5 na 6, kimiminika kisicho na ukungu, kisichojitenga baada ya wiki nne kwenye nyuzi 40, na gharama ya malighafi iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Sasa tenganisha masharti na malengo. Sharti hutimizwa au halitimizwi: kimiminika kimejitenga au hakijajitenga. Lengo ni kitu unachotaka kiendelee kuwa bora zaidi. Malengo mawili au matatu yanatosha. Ukiweka saba, utahitaji majaribio mengi mno kabla modeli haijaelewa lolote, na mwishowe utaletewa orodha ndefu ya fomula ambazo kila moja ni bora kwa jambo moja na mbovu kwa mengine sita.

Usiharakishe kuyaunganisha malengo kuwa alama moja, kwa mfano asilimia 60 gharama na asilimia 40 povu. Uzito huo huwa umekisiwa na mtu mezani, na algoriti itaufuata bila huruma. Ukiiambia ipunguze gharama peke yake, itakuletea maji matupu, na itakuwa imetekeleza ulichoagiza.

Hatua ya 2: Kikague kipimo kabla ya kufikiria roboti

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Modeli haioni shampuu. Inaona namba tu. Namba zikiyumba, modeli itajifunza kuyumba kwake.

Fanya majaribio mawili madogo kwa mkono. Kwanza, chukua sampuli moja uipime mara kumi. Mtawanyiko utakaouona unatokana na chombo na mpimaji. Pili, tengeneza fomula ileile mara tano kuanzia mwanzo, kila mara ukipima viambato upya, kisha upime kila moja. Mtawanyiko wa pili utakuwa mkubwa zaidi, kwa sababu umebeba pia makosa ya kupima uzito, kukoroga na joto. Ulinganishe na tofauti kati ya fomula zako mbaya na nzuri. Kama kurudia fomula moja kunakupa tofauti inayokaribia nusu ya ile ya kati ya fomula tofauti, rudi ukarekebishe kipimo kwanza. Hakuna algoriti itakayokuokoa hapo.

Mnato ni mfano mzuri wa kipimo kinachodanganya. Shampuu nyingi huwa nyepesi zaidi kadiri zinavyokorogwa kwa kasi, kwa hiyo namba ya mnato bila kutaja kasi ya kipimo haina maana. Joto likipanda nyuzi chache, mnato hushuka. Mapovu madogo yaliyonaswa baada ya kuchanganya huharibu usomaji. Sampuli iliyopimwa dakika tano baada ya kuchanganywa inaweza kutofautiana na ileile ikipimwa kesho yake. Amua mara moja: nyuzi ngapi, kasi gani, baada ya saa ngapi, mapovu yameondolewa kwa njia gani. Yaandike, na yasibadilike mradi mzima.

Kuna tatizo jingine gumu zaidi. Uimara wa bidhaa hujulikana baada ya wiki au miezi, ilhali roboti inataka jibu leo ili ipange kazi ya kesho. Hapa hutumika kipimo mbadala: kuzungusha sampuli kwenye sentrifuji, kuigandisha na kuiyeyusha mara kadhaa, au kupima ukungu wake kwa mwanga baada ya saa 24. Vipimo hivi vinafaa kwa sharti moja, nalo ni kwamba uwe umevithibitisha. Chukua fomula kumi au zaidi ambazo mwisho wake tayari unaujua, zilizodumu na zilizojitenga, uone kama kipimo mbadala kinazitofautisha. Kisipoweza, unaendesha roboti ya bei kubwa kuelekea mahali pasipofaa.

Tahadhari hiyo inahusu pia kuiachia mashine itafsiri vipimo. Mwaka 2023 maabara ya A-Lab huko Berkeley, Marekani, ilitangaza kwamba katika siku 17 ilitengeneza misombo 41 kati ya 58 iliyolengwa. Wanakemia wengine waliichambua data ya eksirei iliyochapishwa na kuhoji kama programu ilikuwa imeisoma sawasawa, na kama misombo hiyo ilikuwa mipya kweli. Roboti ilifanya kazi yake. Ubishi ulikuwa juu ya usomaji wa matokeo.

Hatua ya 3: Weka mipaka ya eneo la utafutaji

Orodhesha viambato na viwango vya chini na vya juu vya kila kimoja. Fomula ina kanuni yake: jumla lazima iwe asilimia 100. Ukiongeza kimoja, kingine kinapungua, kwa hiyo huwezi kuvichukulia viambato kama vigeu huru. Mwanatakwimu Henry Scheffé aliweka misingi ya kupanga majaribio ya michanganyiko ya namna hii mwaka 1958, na programu nyingi za kupanga majaribio bado zinafuata njia yake. Kwenye vimiminika vya maji kuna njia nyepesi: yafanye maji kuwa kijazio cha mwisho, kisha viambato vingine uviache viwe huru ndani ya mipaka yake.

Hesabu kila kitu kwa kiasi halisi cha kiambato tendaji. SLES, safaktanti (kiambato kinachosafisha na kuunganisha maji na mafuta) inayotoa povu kwenye shampuu nyingi, huuzwa ikiwa nzito yenye takriban asilimia 70 ya kiambato tendaji, na pia ikiwa nyepesi yenye chini ya asilimia 30. Ukiandika "SLES asilimia 15" bila kusema ipi, umeiingizia modeli fomula mbili tofauti kwa jina moja.

Kisha weka makatazo, na uyaweke ndani ya programu yenyewe. Usitegemee kumbukumbu ya mtu. Hipokloriti, kiambato cha dawa za kung'arisha nguo, haikutani na asidi, kwa sababu hutoa gesi ya klorini. Haikutani na amonia pia, kwa sababu hutoa kloramini. Peroksidi haiwekwi na viambato vinavyoungua kirahisi bila mkemia kupitisha. Mengine hayana hatari ila hupoteza muda: safaktanti zenye chaji hasi zikikutanishwa na zenye chaji chanya mara nyingi huganda na kuzama. Algoriti haijui kemia hata kidogo. Usipoikataza, itapendekeza lolote, kwa utulivu uleule inaopendekeza chumvi na maji.

Jambo la mwisho la hatua hii ni utaratibu wa kuchanganya. Karboma, polima ya kutengenezea jeli, lazima isambazwe vizuri kwenye maji kabla ya kuongezewa alkali. Ukigeuza mpangilio utapata mabonge. Emalsheni, yaani mchanganyiko wa matone ya mafuta na maji, inaweza kutoka tofauti kabisa kwa viambato vilevile, kulingana na kipi kimemiminwa kwenye kipi. Katika mzunguko wa kwanza ningeshauri mpangilio, kasi na joto uvifunge visibadilike. Ukishaelewa viambato, ndipo uvifungue kimoja kimoja.

Hatua ya 4: Chagua kiwango cha uotomatiki kinachokufaa

Watu huanzia hapa, na ndipo bajeti inapoishia. Roboti nyingi za kugawa vimiminika zilizoea sampuli za kibayolojia, ambazo karibu zote hutiririka kama maji. Viambato vya fomula havitiririki hivyo. Gliserini safi kwenye nyuzi 20 ina mnato wa mara 1,400 hivi ya maji. Pipeti ya kawaida inayosukuma hewa itavuta pungufu, itabakiza tabaka kwenye ncha, na itadondosha njiani. SLES nzito hata haivutiki.

Kuna njia nne za kulishinda hilo, na mara nyingi huunganishwa. Ya kwanza ni kuandaa miyeyusho myepesi mapema, ukijua maji yaliyotumika yanahesabiwa kwenye fomula. Ya pili ni kutumia sirinji yenye pistoni inayogusa kimiminika chenyewe. Ya tatu ni kupasha joto kiambato na kupunguza kasi ya kuvuta na kutoa. Ya nne, ambayo mimi naiamini kuliko zote, ni kuweka kichupa juu ya mizani na kuandika uzito uliodondoka kweli. Kama uliagiza gramu 1.00 zikaingia 1.07, hakuna hasara yoyote ilimradi modeli inapewa 1.07. Hasara huja pale inapopewa namba iliyoagizwa badala ya iliyoingia.

Angalia pia ukubwa wa sampuli. Kihifadhi cha asilimia 0.5 kwenye sampuli ya gramu 10 ni gramu 0.05, na hapo mizani inayosoma hadi gramu 0.01 itakuwa inabahatisha. Ama ongeza sampuli, ama yeyusha kihifadhi kwanza.

Usidhani unahitaji chumba kizima cha mikono ya chuma. Mashine ya mezani kama Opentrons OT-2, inayoongozwa kwa lugha ya programu ya Python, inatosha kwa vimiminika vyepesi. Na mzunguko unaweza kuwa wa nusu otomatiki kabisa: algoriti inatoa orodha ya fomula nane, fundi anazichanganya, matokeo yanarudishwa kwenye kompyuta. Hesabu za kuchagua majaribio ni zilezile. Kwa timu ndogo ningeanza hivyo, kisha ningenunua mashine kwa ajili ya hatua ile moja inayochelewesha wengine. Mara nyingi hatua hiyo ni kupima au kuosha vyombo, wala si kuchanganya.

Mashine ikiachwa usiku, vimumunyisho vinavyoshika moto vinahitaji mfumo wa kuvuta hewa, kitufe cha kusimamisha kila kitu, na kihisi cha uvujaji. Mtu wa kupigiwa simu awe na jina, si "timu ya maabara".

Hatua ya 5: Rekodi kila kitu, hasa yaliyoharibika

Kila kichupa kiwe na msimbopau. Kila mstari wa data uwe na uzito halisi wa kila kiambato, namba ya toleo la malighafi kutoka kwa msambazaji, mpangilio wa kuongeza, joto la sampuli na la chumba, saa ya kuchanganya, saa ya kupima, na toleo la programu iliyoendesha mashine. Toleo la malighafi lina uzito kuliko linavyoonekana: polima zenye jina moja kutoka matoleo mawili zinaweza kutoa mnato tofauti, na bila safu hiyo kwenye data utamtafuta mchawi kwenye algoriti.

Majaribio yaliyoshindwa yasifutwe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo cha Haverford, Marekani, waliifundisha mashine kwa rekodi za maabara zilizokuwa na majaribio yaliyofeli na ambayo hayakuwa yamewahi kuchapishwa. Ilipotabiri masharti ya kutengeneza fuwele mpya, ilifaulu kwa asilimia 89, ikiwashinda wanakemia waliotegemea uzoefu. Fomula iliyojitenga inaionesha modeli ukuta ulipo. Ukiificha, modeli itaugonga tena na tena.

Tofautisha hata hivyo kufeli kwa fomula na kufeli kwa mashine. Kichupa kilichomwagika hakisemi lolote kuhusu kemia. Weka safu mbili tofauti.

Hatua ya 6: Panga kundi la kwanza

Kundi la kwanza halitafuti ushindi. Linatafuta picha ya eneo lote. Tumia mpangilio unaosambaza sampuli kila pembe, kama mfuatano wa Sobol au mraba wa Kilatini wa vigeu vingi, kisha chuja zinazovunja makatazo. Kwa vigeu sita, fomula 12 hadi 18 ni mwanzo wa kawaida. Ongeza fomula moja ya katikati irudiwe mara tatu, pamoja na ile fomula ya zamani unayotaka kuishinda. Hiyo ya zamani irudi kwenye kila kundi hadi mwisho wa mradi: ikianza kutoa namba ngeni, ujue mashine au malighafi imebadilika.

Mpangilio wa kutengeneza sampuli uwe wa nasibu. Ukitengeneza zenye chumvi kidogo asubuhi na zenye chumvi nyingi mchana chumba kikiwa na joto, modeli itadhani chumvi ndiyo iliyobadilisha mnato. Kwenye sahani za visima, yaani sahani zenye vishimo vingi vya kuwekea sampuli, visima vya pembeni hupoteza maji haraka kuliko vya katikati, kwa hiyo changanya na nafasi pia.

Hatua ya 7: Jenga modeli

Kwa data ya fomula kumi na kitu hadi mia kadhaa, anza na mchakato wa Gauss. Mizizi yake iko migodini: Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini, alianza miaka ya 1950 kukadiria dhahabu iliyo ardhini kwa kutumia sampuli chache za kuchimba, na Mfaransa Georges Matheron akaijengea nadharia. Wazo ni kwamba sehemu zilizo karibu hufanana, na kadiri unavyosogea mbali na sampuli, ndivyo uhakika unavyopungua. Badala ya kukupa namba moja, modeli hii inakupa kadirio pamoja na kiasi cha shaka yake, na shaka hiyo ndiyo itakayotumika kuchagua jaribio linalofuata. Mitandao ya neva yenye tabaka nyingi ina njaa kubwa ya data. Kwa sampuli 40 ni mzigo tu.

Mambo machache huleta tofauti kubwa. Mnato ugeuze kuwa logi kabla ya kuupa modeli, maana fomula zako zitatoka 50 hadi 50,000 na namba kubwa zitameza ndogo. Masharti ya ndiyo au hapana, kama kujitenga, yape modeli yake ya kuainisha, na usijaribu kupima mnato wa kitu kilichojitenga: namba itatoka, lakini itakuwa ya tabaka moja tu.

Kama unachagua pia aina ya kiambato, tuseme safaktanti moja kati ya kumi, usiziite A, B, C. Zieleze kwa sifa zake: uzito wa molekuli, chaji, urefu wa mnyororo wa kaboni, thamani ya HLB ambayo William Griffin aliianzisha mwaka 1949 kuonesha kama kiambato kinaegemea maji au mafuta. Hapo modeli inaweza kukisia tabia ya safaktanti ambayo haijawahi kuijaribu, kwa kuwa inafanana na nyingine.

Kisha ipime modeli kabla ya kuiamini. Ficha baadhi ya fomula, itabiri, linganisha. Na umwoneshe mtu anayejua bidhaa. Ukiongeza chumvi ya mezani kwenye shampuu ya SLES, mnato hupanda hadi kilele, halafu huporomoka ukiendelea kuongeza. Kila mtengenezaji wa shampuu anakijua kilima hicho. Modeli ikichora mstari unaopanda tu, basi sampuli zako hazijafika upande wa pili wa kilima.

Zana zipo na nyingi ni za bure. Scikit-learn inatosha kujifunzia. BoTorch na Ax, kutoka Meta, zina nguvu zaidi kwa malengo mengi. BayBE, iliyotolewa na kampuni ya Merck ya Ujerumani, imejengwa ikiwalenga watu wa majaribio ya maabara, na inakubali sifa za kemikali moja kwa moja.

Hatua ya 8: Iache algoriti ipendekeze, wewe upitishe

Kila mzunguko algoriti inapima mambo mawili: kujaribu karibu na fomula iliyo bora hadi sasa, au kwenda pasipojulikana. Kanuni inayotumika sana huitwa uboreshaji unaotarajiwa. Huuliza: nikijaribu hapa, natarajia kuishinda rekodi ya sasa kwa kiasi gani, nikizingatia shaka niliyo nayo? Pasipo na shaka wala matumaini huachwa.

Omba kundi, usiombe fomula moja moja. Kama mashine inachanganya nane kwa siku, iambie algoriti ichague nane zinazotofautiana, la sivyo itakuletea pacha wanane. Kwa malengo mawili, tuseme gharama na povu, usitarajie mshindi mmoja. Utapata mstari wa Pareto, yaani fomula ambazo huwezi kuboresha jambo moja bila kupoteza jingine. Kuchagua sehemu ya mstari huo ni kazi ya watu wa biashara, na ni afadhali waoneshwe mstari mzima kuliko kuletewa namba moja iliyokwishaamuliwa na mtu wa data.

Mkemia apitie kila orodha kabla haijakwenda kwenye mashine. Ana haki ya kufuta jaribio la hatari au lisilowezekana kiwandani, na sababu iandikwe ili igeuke kuwa katazo kwenye programu. Asifute kwa kuwa tu "halionekani vizuri". Jaribio la ajabu mara nyingine ndilo lenye thamani, na likifeli linafundisha.

Hatua ya 9: Jua pa kusimama

Weka bajeti ya majaribio kabla hujaanza. Simama pia kama mizunguko mitatu mfululizo imeboresha matokeo kwa kiasi kidogo kuliko mtawanyiko uliouona kwenye Hatua ya 2, maana hapo unafukuza kelele, yaani kuyumba kwa kipimo chenyewe. Kama modeli inasema masharti yote hayawezi kutimizwa kwa pamoja, huenda inasema kweli. Badilisha kiambato au regeza sharti. Wakati mwingine mradi mfupi ndio wenye mafanikio: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitumia majaribio 42 katika siku mbili za kazi kupata elektroliti sita za betri zinazochajika haraka.

Hatua ya 10: Toka kwenye kichupa

Chukua fomula tatu hadi tano zilizo juu, zichanganye kwa mkono, mtu mwingine, kwa toleo jingine la malighafi. Zinazobaki zikiwa nzuri ndizo za kuendelea nazo. Weka sampuli kwenye uthibitisho wa kweli wa uimara, si ule mbadala: miezi kwenye nyuzi 40, kwenye joto la kawaida, na mizunguko ya kugandisha na kuyeyusha. Kipimo cha vijidudu ni lazima kwa chochote chenye maji, kwa sababu roboti haijawahi kuulizwa kama kihifadhi kinafanya kazi.

Kisha ongeza ukubwa kwa ngazi. Kutoka mililita 10 hadi lita 1,000, ujazo umeongezeka mara 100,000, lakini eneo la ukuta linalopoza kila lita limepungua takriban mara 46 kwa tangi lenye umbo lilelile. Kichupa kilichopoa kwa dakika chache kinaweza kuwa tangi linalopoa kwa saa nyingi, na emalsheni inayopozwa taratibu ina muda wa kukuza matone yake. Kukoroga nako hubadilika: sumaku ndogo kwenye kichupa hailingani na panga la tangi. Pitia lita 1, kisha lita 20 au 50, na kila ngazi pima vilevile vitu ulivyopima kwenye kichupa, kwa joto lilelile na kasi ileile ya kipimo.

Data za ngazi hizo zirudishe kwenye hifadhi ileile, zikiwa na safu inayotaja ukubwa wa chombo. Bidhaa inayofuata haitaanza tena na karatasi nyeupe: modeli itaingia ikiwa tayari inajua viambato vingi, na fomula za kundi la kwanza zinaweza kupungua kwa kiasi kikubwa.